Wakuu, tukitaka kusoma kuhusu ulibertari na uhuru wa raia, tuanzie wapi mtandaoni?

#1 Fundi Maneno
Wakuu salaam.

Huu mwezi wa pili nahangaika. Nataka kuielewa hii falsafa inayosema kila mtu ni mmiliki wa nafsi yake, na dola haina ruhusa ya kumgusa bila sababu nzito. Wenyewe wanaiita ulibertari. Sambamba na hilo nataka kusoma kuhusu uhuru wa raia: kujieleza, kukusanyika, faragha, kutokamatwa kiholela.

Shida inaanzia kwenye kutafuta. Nikiandika "uhuru" naletewa magwaride, bendera, majina ya watu, barabara na viwanja. Nikiandika "uhuru wa mtu binafsi" naletewa mahubiri. Nikihamia Kiingereza nakutana na mlima wa maandishi, ila nusu yake ni ugomvi wa vyama vya Marekani.

Dai langu ni hili: kwa Kiswahili hakuna kitu cha maana kuhusu mambo haya. Anayebisha aweke hapa.

#2 Nyuki wa Jioni
Nabisha. Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu ipo kwa Kiswahili kwenye tovuti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, pamoja na tafsiri za lugha zaidi ya 500. Ina vifungu 30 tu, nusu saa umemaliza. Cha 9 ni kukamatwa kiholela, cha 12 ni faragha, cha 19 ni maoni, cha 20 ni kukusanyika. Isome kwanza ndipo useme hakuna.

#3 Fundi Maneno
Mkuu Nyuki, asante, nimeifungua na nimeisoma yote. Ni nzuri. Lakini inaniambia nina haki gani, hainiambii kwa nini ninazo, wala nimjibu nini mtu anayesema "usalama kwanza, uhuru baadaye". Hicho ndicho ninachotafuta.

#4 Mama Kurasa
Mwanangu, umechanganya kapu mbili, ndiyo maana unatafuta usipate. Kuna maandishi ya falsafa, yanayobishana kuhusu sababu. Na kuna maandishi ya sheria: mikataba, hukumu, miongozo. Anayeandika moja mara nyingi hagusi jingine, na tovuti zake ni nyingine kabisa.

Nimefanya kazi ya maktaba miaka mingi, na kwa falsafa huwa nawaelekeza watu Stanford Encyclopedia of Philosophy. Ipo tangu 1995, haina malipo, kila makala imeandikwa na mtu aliyebobea na inapitiwa upya. Soma makala yao ya ulibertari polepole, daftari mkononi. Utakuta hoja na pingamizi zake zimekaa pamoja, jambo ambalo tovuti za wanaharakati hazifanyi.

Ukitoka hapo nenda kwenye maandishi yenyewe. Wanafalsafa Locke na Mill wa Uingereza, na Bastiat wa Ufaransa, wote wamekufa zamani, hakimiliki zimekwisha. Project Gutenberg wanayo, na Online Library of Liberty ya Liberty Fund inayo mengi zaidi, tena kwa matoleo yaliyohaririwa vizuri.

#5 Msumeno
Naunga mkono, ila umewasahau wenyewe. Mleta uzi, nenda Cato Institute, wana tovuti nyingine maalumu ya kufundisha falsafa hii kuanzia chini. Nenda Mises Institute, wametoa vitabu vingi bure, unapakua chote. Soma jarida la Reason. Hawa ndio wameubeba ulibertari tangu Cato ianzishwe Washington miaka ya 80.

#6 Kumbukumbu
Mkuu Msumeno, rekebisho dogo. Cato ilianzishwa 1977 huko San Francisco, Washington ilihamia 1981. Mises Institute ndiyo ya 1982, ipo Auburn, Alabama. Reason limeanza 1968, kwa hiyo ni kongwe kuliko zote mbili.

#7 Msumeno
Nimekusoma Kumbukumbu. Wewe hujawahi kuacha mwaka upite bila kuukagua!

#8 Jicho Pembeni
Kabla mleta uzi hajameza kila kitu, aulize nani analipia. Cato ilianzishwa kwa fedha za Charles Koch, bilionea wa viwanda. Taasisi ikiandika kwamba kanuni za serikali kwa viwanda ni mzigo, nami najua mwenye kiwanda ndiye aliyeiweka msingi, nasoma huku nimekunja uso. Sisemi wanadanganya. Nasema kila tovuti ina ukurasa wa "kuhusu sisi", na huo usomwe kwanza.

#9 Msumeno
Hapo nakukatalia. Kila mwandishi analishwa na mtu. Profesa wa chuo cha umma analipwa na dola; mbona husemi tukunje uso akiandika kwamba dola ni ya lazima? Hoja inapimwa kwa miguu yake yenyewe. Ikiwa mbovu, ionyeshe ubovu wake, achana na mfuko wa aliyeiandika.

#10 Jicho Pembeni
Hoja inapimwa kwa miguu yake, sawa. Ila uteuzi wa hoja je? Taasisi inaweza kusema kweli tupu mwaka mzima na bado ikakupotosha kwa yale isiyoyagusa. Mfuko unaonekana pale pasipoandikwa kitu.

#11 Mto Hauna Mlango
Wote wawili mmeingia katikati ya hadithi. Neno lenyewe mmelichukua kwa watu wengine. Wa kwanza kulitumia kisiasa alikuwa Mfaransa, Joseph Déjacque, mwaka 1857. Alikuwa mwanaharakati mkomunisti asiyetaka dola, akamwandikia barua Proudhon, mwanafalsafa mpinga dola wa Ufaransa, kutoka New Orleans kumkemea kwa kuwadharau wanawake. Alimwambia, kwa maana yake, kwamba huwezi kujiita mpenda uhuru huku unamweka mwanamke chini. Mwaka uliofuata akaanzisha gazeti New York kwa jina hilohilo, Le Libertaire.

Kwa hiyo mleta uzi akitafuta "libertari" asishangae kukuta watu wanaopinga mali binafsi. Ndio wenye neno. Maandishi yao yapo kwenye Anarchist Library, bure pia.

#12 Msumeno
Neno halina hati miliki. Mwaka 1955 Dean Russell alipendekeza wapenda uhuru wa soko walichukue, kwa sababu "liberali" Marekani lilikuwa limegeuka kumaanisha mtu anayetaka serikali ifanye zaidi. Limekaa. Mtu akisema libertari leo, wengi wanaelewa mali binafsi, soko huria na dola ndogo.

#13 Mto Hauna Mlango
"Wengi" wa wapi, ndugu yangu? Ukivuka kwenda kwa wasomaji wa Kifaransa, neno hilo bado linawaendea wapinga dola wa mrengo wa kushoto. Wewe unasoma kutoka dirisha moja.

#14 Kumbukumbu
Kabla ya wote hao lilitumika na William Belsham 1789, ila yeye alikuwa anazungumzia hiari ya nafsi, kama mtu anachagua kweli au amekwisha kupangiwa. Hata leo wanafalsafa wanalitumia hivyo. Mleta uzi akikuta makala ya ulibertari inayojadili ubongo na uchaguzi, ajue amepotea njia.

#15 Fundi Maneno
Kumbe! Wiki iliyopita nilikesha na makala ya namna hiyo, kurasa thelathini, nikitafuta kodi na polisi siwaoni. Asante sana mkuu.

#16 Chipukizi wa Mvua
Niweke na langu. Nikiwa chuoni nilisoma tovuti moja tu miezi sita mfululizo. Nilitoka nimeshika kanuni moja kama rungu: usianzishe mabavu dhidi ya mtu wala mali yake. Kodi ni mabavu, basi kodi ni wizi, na mjadala umekwisha. Nilikosana na marafiki, na dada yangu akaacha kunipigia simu.

Kilichonitoa humo kilikuwa swali la mwenzangu mmoja: "Hiyo ardhi ya kwanza ilikuwaje ya mtu?" Sikuwa na jibu. Nikamrudia Locke mwenyewe. Nikakuta anasema unaimiliki ardhi kwa kuichanganya na jasho lako, ila anaongeza sharti kwamba ubakize ya kutosha na nzuri vilevile kwa wengine. Ile tovuti haikuwahi kunionyesha sharti hilo! Hapo nikamfikia Henry George, mwanauchumi wa Marekani, aliyeandika 1879 kwamba kilichotengenezwa na mtu ni chake, lakini thamani ya ardhi ni ya wote. Naye wapo wanaomhesabu libertari.

Sijaacha kuupenda uhuru. Ila nawaomba msianzie tovuti moja.

#17 Msumeno
Chipukizi, hilo sharti mwanafalsafa mlibertari Robert Nozick analijadili kwa kirefu katika kitabu chake cha 1974, halijafichwa. Ila nakubali kwamba tovuti nyingi za harakati zinaliruka.

#18 Mzee wa Shauri
Habari zenu vijana. Nimesimamia kesi miaka mingi, nizungumzie kapu la pili la Mama Kurasa, maana nyote mmekimbilia falsafa.

Anayetaka uhuru wa raia aanze na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Ulipitishwa 1966 ukaanza kutumika 1976. Kifungu cha 4 kisomwe mara tatu. Kinasema dola inaweza kusimamisha baadhi ya haki wakati wa hali ya hatari inayotishia uhai wa taifa, kisha kinataja zile ambazo haziguswi hata hapo: uhai, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, dhamiri na dini, na nyingine chache. Tafuta uhuru wa kujieleza kwenye orodha hiyo. Haumo. Yule anayekuambia "usalama kwanza" anasimama kwenye mwanya huo, na masharti ya mwanya huo ndiyo jibu lako kwake: hatari iwe ya kweli, itangazwe rasmi, na hatua zisizidi kinachohitajika.

Kwa hukumu, tovuti ya HUDOC ina maamuzi ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, bure. Soma hukumu moja nzima, pamoja na maoni ya majaji waliopinga. Utajifunza kuliko makala ishirini.

#19 Nyuki wa Jioni
Mzee shikamoo. Umesahau ACLU, chama cha kutetea uhuru wa raia cha Marekani, waliozaliwa na harakati za haki za weusi miaka ya 60.

#20 Mzee wa Shauri
Marahaba. Ila hapo umeteleza, mwanangu. ACLU ni ya 1920. Ilitokana na misako ya serikali dhidi ya wahamiaji na watu wa mrengo wa kushoto baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Na si walibertari kwa maana ya Msumeno, maana kwenye uchumi hawako naye.

Kesi yao inayofaa mleta uzi ni ya Skokie, 1977 na 1978. Kikundi cha Wanazi kilitaka kuandamana katika mji wenye Wayahudi wengi walionusurika mauaji ya Hitler. ACLU ikatetea haki yao ya kuandamana. Wanachama wengi wakajiuzulu kwa hasira. Ukisoma kisa hicho ukabaki na jibu jepesi, hujakisoma.

#21 Jicho Pembeni
Mimi nimekisoma na bado naona walikosea. Aliyetoka kambi ya mauaji ana haki ya kulala bila kusikia buti zilezile zikipita mlangoni.

#22 Msumeno
Na serikali ikishapewa mamlaka ya kuchagua nani asiandamane, kesho itakuchagua wewe. Hoja unazotumia kuwazuia Wanazi ndizo zilizotumika kuwazuia wapinga utumwa. Mwaka 1860 genge lilivunja mkutano wa wapinga utumwa Boston, na Frederick Douglass akatoa hotuba kwamba kumnyamazisha msemaji ni kumnyang'anya na msikilizaji haki yake. Ipo mtandaoni, ni fupi, isomeni wote.

#23 Mlinzi wa Taa
Wakuu nyie mnajadili vitabu, mimi nilikutana na jambo lenyewe. Kuna siku afisa mmoja alininyooshea mkono akasema "leta simu, fungua". Hakuna hati, hakuna maelezo. Nilifungua. Alipekua picha, akapekua jumbe, akafika kwenye mazungumzo yangu na marehemu mama. Akasogeza kidole taratibu, anasoma. Nilisimama pale nikimtazama anasoma maneno ya mama yangu.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipotafuta. Niliyoyapata yenye msaada ni mwongozo wa kujilinda dhidi ya ufuatiliaji wa Electronic Frontier Foundation, taasisi iliyoanzishwa 1990. Wanaeleza hatua kwa hatua: nenosiri refu badala ya alama ya kidole, kusimba data iliyomo kwenye simu (kuifunga kwa msimbo isisomeke bila nenosiri), kutobeba usichohitaji. Hawaanzi na programu ya kupakua, wanaanza na swali: unalinda nini, dhidi ya nani? Swali hilo sikuwahi kuulizwa na mtu.

#24 Fundi Maneno
Pole sana ndugu Mlinzi.

#25 Mama Kurasa
Pole mwanangu.

Niongeze moja kwenye hilo. Mtandao ukizimwa au tovuti ikifungwa mahali, mradi wa OONI unapima na kuweka matokeo wazi kwa yeyote. Ni tofauti kusema "nadhani wamefunga" na kuonyesha kipimo.

Pia viungo vingi vya zamani vimekufa. Bandika anwani iliyokufa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, mara nyingi nakala ipo.

#26 Sikio la Mbali
Kwa sisi tusioona, LibriVox wana vitabu vya hakimiliki iliyokwisha vikiwa vimesomwa kwa sauti na watu wa kujitolea. Mill nimemsikiliza huko mara mbili. Kwa Kiswahili sijabahatika.

#27 Chipukizi wa Mvua
Turudi kwenye dai la #1. Kwa nini kwa Kiswahili ni pakavu? Mimi nadhani neno "uhuru" lilishachukuliwa na taifa. Likitajwa, akili inakwenda kwenye nchi kujitawala, haiendi kwa mtu mmoja mmoja kujitawala. Hatuna neno lililobaki.

#28 Mto Hauna Mlango
Maneno yapo. Mtumwa aliyeachiwa tulimwita huru kabla ya bendera yoyote. Na tuna "mwungwana", aliyezaliwa huru. Kinachokosekana ni wafasiri, kwa kuwa kazi hiyo hailipi.

#29 Jicho Pembeni
Au falsafa yenyewe haikuvutia. Inayoanza na mtu peke yake kama kisiwa, halafu ndipo inauliza jamii ilitoka wapi, kwa msemaji wa "mtu ni watu" inaingia kichwa chini miguu juu.

#30 Msumeno
Mbona mwenye kusema "mtu ni watu" naye hapendi kupekuliwa simu? Muulize Mlinzi wa Taa hapo #23. Mimi nasema ni injini za kutafutia. Maandishi ya Kiswahili yapo ila yanazikwa ukurasa wa tisa. Jaribuni kuweka maneno ndani ya alama za mnukuu: "kukamatwa kiholela", "uhuru wa kujieleza", "haki ya faragha". Nimepata hukumu na ripoti ambazo "uhuru" peke yake haikunipa.

#31 Fundi Maneno
Nimejaribu njia ya Msumeno, inafanya kazi, nimepata ripoti nne. Dai langu la #1 nalipunguza: sheria ipo kidogo, falsafa bado.

Kwa hiyo nimeamua kuanza. Nimechukua ile kanuni ya Mill ya 1859 kutoka On Liberty nikaifasiri hivi:

"Kusudi pekee linalohalalisha serikali kumlazimisha mtu ni kuzuia wengine wasidhurike."

Nikosoeni.

#32 Mzee wa Shauri
"Serikali" umeiongeza wewe. Mill ametaja mamlaka kwa jumla, na anaogopa jamii yenyewe kuliko hata polisi: majirani, desturi, maoni ya walio wengi. Ukiweka serikali umeitoa nusu ya kitabu.

#33 Kumbukumbu
Na kuna neno umeliruka. Kasema mtu "wa jamii iliyostaarabika". Hakuliweka kwa bahati mbaya. Aya chache mbele anasema utawala wa mabavu ni halali kwa watu aliowaita washenzi, ilimradi nia iwe kuwaendeleza. Mill aliajiriwa na Kampuni ya India Mashariki miaka 35, kuanzia 1823 hadi 1858. Kitabu kimetoka mwaka uliofuata. Na Locke mliyemsifu hapo juu alikuwa na hisa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyouza watumwa.

#34 Chipukizi wa Mvua
Basi liachwe nje hilo neno. Kanuni ni nzuri bila hilo, tuichukue ikiwa safi.

#35 Mto Hauna Mlango
Hapana. Ukilitoa umemsafisha Mill na umemnyima msomaji nafasi ya kujua kwamba alipoandika, babu zake hawakuhesabiwa. Lirudishwe.

#36 Mama Kurasa
Lirudishwe, ila litazameni lenyewe. "Kustaarabika" asili yake ni kufuata mwenendo wa Waarabu. Hata sisi neno letu la kusema nani amekamilika tulilipata kwa mgeni. Fundi, hapo weka tanbihi.

#37 Fundi Maneno
Nimesikia. Jaribio la pili:

"Kusudi pekee linalohalalisha kutumia mamlaka juu ya mtu yeyote wa jamii iliyostaarabika, pasipo ridhaa yake, ni kuzuia wengine wasidhurike."

#38 Sikio la Mbali
Imesikika vizuri. Swali moja: "wasidhurike" au "wasidhuriwe"? Mtu anaweza kudhurika bila mtu kumfanya lolote, kwa kuona tu jirani anaishi asivyopenda. Kudhuriwa lazima awepo aliyemdhuru.

#39 Msumeno
"Wasidhuriwe". Bila mtendaji hakuna kosa.

#40 Jicho Pembeni
"Wasidhurike". Mto ukichafuliwa na viwanda mia, kila kimoja kidogokidogo, aliyeumwa amedhurika na hamwoni wa kumshika.

#41 Fundi Maneno
Naacha yote mawili kwa mstari wa mkwaju hadi wikiendi. Sentensi inayofuata inasema mema yake mwenyewe, ya mwili au ya maadili, si sababu tosha ya kumlazimisha. Hilo "maadili" siridhiki nalo, linanukia jamii zaidi ya nafsi. Mwenye neno jingine alete.